Neno Aliloninyima Foromani

Foromani aliwaita wanawake wote baba, isipokuwa mimi.

Nieleze mapema kwa msomaji wa mbali, maana kila kitu kimening'inia hapo. Kwa Kigusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume tunamwita tata. Mwanaume wa kwetu akimwita mwanamke "baba", anampa heshima ya mama yake, hata kama huyo mwanamke ni msichana aliyemaliza shule juzi. Foromani alimwita hivyo mwanamke aliyetuletea chai saa nne, akamwita hivyo karani wa ofisini, akawaita hivyo hata wapita njia waliokuja kuuliza njia ya hospitali. Mimi nilikuwa "wewe". Miaka tisa nilikuwa "wewe", na siku akiwa na hasira nilikuwa "hii kitu".

Karakana tuliyofanya kazi, yeye akiwa msimamizi wetu, iko mwisho wa mji wa Kisii. Chesisi zinakuja zikiwa injini, magurudumu na kiti kimoja cha dereva, na sisi tunazijengea bodi. Zamani tulijenga mabasi ya shule na mabasi madogo ya abiria, lakini mkate wetu hasa ulikuwa malori ya majani chai, yale yenye ndoano ndani za kutundikia mifuko ili majani yasilaliane na kuchubuka njiani kwenda kiwandani. Ili kila bodi itoke sawa na mwenzake, tulikuwa na kalibu. Kalibu ni fremu kubwa ya chuma iliyosimikwa sakafuni. Unapanga mabomba yako ndani yake, unayabana, unachomelea, kisha bodi inatoka kwa umbo lile lile kila mara. Tulikuwa na kalibu nne, na zote alizitengeneza Foromani kwa mikono yake kabla mimi sijajua kushika nyundo.

Michoro hakuwa nayo. Vipimo vyote vya kalibu na vya ndoano viliishi kwenye ufito mmoja wa mti mgumu, mrefu kama mkono wangu, wenye alama za kisu pande zote nne. Aliuchomeka mgongoni, kati ya mkanda na shati, hivyo hata akiinama kuokota riveti alikuwa amenyooka. Mtu akimwuliza kwa nini asiandike karatasini alijibu, "Karatasi inaloa." Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mara moja niliuokota ulipoanguka nikampa. Aliupangusa kwa kitambaa kabla ya kuurudisha mgongoni.

Nilifika pale na cheti cha uchomeleaji kutoka chuo cha ufundi, nimekitia kwenye bahasha ya plastiki. Alikisoma chote, mpaka mhuri. Kisha akakiweka juu ya kikombe chake cha chai, nzi wasiingie, akaendelea na kazi. Mpaka leo kina duara la kahawia katikati.

Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini wengine tuliuzoea. Akiona mshono mbaya wa welding alikuwa akiuliza kwa upole, "Hii umeshona ama umetapika?" Aligonga chuma kwa nyundo ndogo, akatega sikio, na kama hakikulia alivyotaka alikikata hapo hapo mbele ya watu. Kulikuwa na fundi mmoja wa Nyamarambe, mtu mzima mwenye watoto, aliyechomelea nguzo ya mlango ikapinda. Foromani aliikata ile nguzo kipande, akaitoboa, akapitisha waya, akamvisha yule bwana shingoni. "Tembea nayo mpaka saa kumi na moja. Ukiulizwa, sema ni kazi yako." Akaenda nayo mpaka hotelini wakati wa chakula cha mchana, akala ugali wake kile chuma kikigonga meza. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu siku hiyo haikuwa zamu yangu.

Zamu yangu ilikuwa wiki ya kwanza. Aliniambia, "Wewe, nishikie hapa," akaninyooshea kipande cha bomba la mraba kwa mkono wenye glavu. Nikashika. Kilikuwa kimetoka motoni dakika hiyo hiyo, kimeshapoteza wekundu lakini joto lote limo ndani. Nilipoachia, ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma. Alinitazama bila furaha wala huruma. "Sasa hutashika chuma kabla hujauliza," akasema. Na kweli, tangu siku hiyo sijawahi kushika chuma kabla ya kuuliza. Kovu lipo hapa katikati ya kiganja cha kulia, lina kona mbili kamili, unaweza kulipima na kujua bomba lilikuwa la inchi ngapi.

Mtu akinisikia hivi atadhani alikuwa shetani. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. Alikuwa Msabato wa kwelikweli. Ijumaa jua likianza kushuka alizima mashine moja moja kwa mkono wake, akafagia sakafu mwenyewe ingawa wafagiaji walikuwepo, na sauti yake ikawa laini mpaka tukaogopa. Hakuna mshono uliochomwa Jumamosi, hata mwalimu mkuu wa shule fulani alipokuja kupiga kelele kuhusu basi lake. Lakini Jumamosi moja mke wa yule fundi wa Nyamarambe alishikwa na uchungu wa kuzaa vibaya, na gari la wagonjwa halikupatikana. Foromani alitoka kanisani na suti yake, akafungua karakana, akaliendesha basi lisilo na vioo wala viti mpaka Nyamarambe, akamlaza yule mama sakafuni juu ya magodoro mawili, akarudi naye hospitalini huku akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili asimsikie akilia. Mtoto alipona na mama alipona. Jumatatu asubuhi aliugonga mshono wa yule yule fundi kwa nyundo, haukulia vizuri, akaukata.

Hakusifu mtu. Mwaka wangu wa tano nilijenga ubavu mzima wa lori la majani peke yangu. Alipita na nyundo yake akigonga kuanzia mbele mpaka nyuma, mishono yote, na yote ikalia. Nilisimama pale kama mtu anayengoja majibu ya mtihani, nikijua sasa ataniita baba. Aliirudisha nyundo mfukoni. "Wewe," akasema, "fagia hapa." Nililia siku hiyo, nyuma ya mitungi ya gesi, kisha nikafagia.

Halafu ikaja habari ya modeli mpya. Mwenyewe, yaani tajiri wa karakana, Mwislamu wa pale pale mjini ambaye babu yake alikuja kuuza vitambaa, alipata wabia Nairobi waliotaka tuunde mabasi ya umeme. Basi la umeme halifanani na lori la majani chai. Betri zinakaa chini ya sakafu, bodi ni ya alumini, na sehemu kubwa inaunganishwa kwa gundi na riveti. Kwa hiyo karakana nzima ilibidi igeuzwe. Sakafu ilipakwa rangi, ikachorwa mistari ya manjano ya kuonyesha watu wapite wapi. Zililetwa stendi mpya za kushikilia bodi, bunduki za riveti zinazotumia hewa, na skrini ukutani. Pamoja navyo akaletwa Injinia, kijana mwerevu wa Nairobi, mwenye viatu visivyo na doa, ambaye alimwita kila mtu "boss" bila kumaanisha.

Foromani hakugoma, kama tulivyotarajia. Alivaa buti mpya. Alitembea ndani ya mistari ya manjano. Skrini hakuweza kuisoma, maana macho yake yalikuwa yameshaliwa na miali ya welding, kwa hiyo alikuwa akiikaribia mpaka pua inagusa kioo, na vijana wakawa wanapangusa alama ya pua yake huku wakicheka.

Stendi za kwanza zilipofungwa, Injinia alizipima kwa kifaa cha leza akaridhika. Foromani akapitisha kiganja juu ya chuma, polepole, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Hii imelala," akasema.

"Boss, leza inasema iko sawa," Injinia akamjibu.

"Leza ni macho. Mimi nasema imelala."

"Basi wacha tuamini leza."

Vijana wakacheka tena. Majuma mawili baadaye bodi ya kwanza ilitoka, na mlango wake haukufunga. Wabia walikuwa wamekuja kutazama. Injinia aliusukuma kwa bega mbele yao, mara ya kwanza, mara ya pili. Foromani alisimama karibu, ufito mgongoni, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu ili kila mgeni asikie, "Mwambie leza asukume." Nilimwona Injinia akibadilika uso. Nilijua mzee amejichimbia kaburi, na sitasema uongo, nilifurahi.

Siku chache baadaye Injinia aliniita kwenye chumba cha kioo. Alikuwa na orodha ya watakaobaki na watakaoachwa. Nafasi ya kuongoza laini mpya ya kuunda mabasi ilikuwa moja, na akaniambia wazi kwamba majina yaliyobaki ni mawili, la Foromani na langu.

"Mzee ana heshima zake," akasema, "lakini naona ameanza kupotea. Nimemskia mara nyingi akimwita mama wa chai 'baba'. Jana amemwita karani 'baba'. Hajui tena mwanamume na mwanamke. Mtu kama huyo siwezi kumweka karibu na betri. Ama mimi ndio naskia vibaya? Ni kweli anawaita 'baba'?"

Sentensi moja tu ndiyo iliyohitajika. Kwa lugha yetu, baba ni mama. Mtoto wa miaka mitatu angeweza kuisema. Nilikuwa nayo mdomoni, na pamoja nayo nilikuwa na miaka tisa ya "wewe", na kiganja changu, na cheti chenye duara la chai. Neno lenyewe ndilo lililonichoma. Alikuwa amewagawia wote, hata wapita njia, na mimi akaninyima, na sasa nilikuwa naombwa kulitetea.

"Ndiyo," nikasema. "Anawaita baba."

Akaandika.

Karatasi ilikwenda kwa Mwenyewe kusainiwa. Mwenyewe amezaliwa Kisii na amekua Kisii, na Kigusii anakisema hata kwa utani kunishinda mimi. Alisoma ile sababu, akanyanyua macho akanitazama kupitia kioo kwa muda, kisha akasaini. Alihitaji wabia kuliko alivyomhitaji mzee, na mimi nilikuwa nimempa njia. Hatukuzungumza juu yake siku hiyo wala siku nyingine.

Kazi yangu ya kwanza kama kiongozi wa laini ilikuwa kukata zile kalibu nne kwa gesi ili watu wa vyuma chakavu wazibebe. Ningeweza kuwapa vijana. Sikuwapa. Foromani alikuwa amekuja kuchukua sanduku lake la vifaa, akasimama langoni. Nilivaa miwani, nikawasha moto, nikaanza na kalibu ya lori la majani, ile aliyoipenda. Nilimsikia akija. Nikadhani atanipiga, na nusu yangu ilitaka anipige ili tulipane. Alisimama nyuma yangu akitazama nilivyokata.

"Moto wako uko juu," akasema. "Unapoteza gesi. Punguza oksijeni, wewe."

Nikapunguza. Chuma kikakatika vizuri zaidi. Nilipomaliza mguu wa kwanza na kugeuka, alikuwa ameshaondoka na sanduku lake, na ufito umechomoza nyuma ya shati.

Sasa nifike kwenye siku ya mwisho niliyomwona.

Mabasi ya umeme yanauzika, lakini polepole, na Mwenyewe aliamua kona moja ya karakana irudie malori ya majani chai. Kalibu hazikuwepo. Nilijenga kwa kukumbuka. Malori yalikuja mazuri kwa nje, ila majani yalifika viwandani yamechubuka, yamekuwa meusi pembeni, na wakulima wakakataa kupakia. Nilijua tatizo ni ndoano, na nilijua vipimo vya ndoano viko wapi. Mwenyewe aliniambia, "Nenda kwa mzee. Wewe ndio unamjua." Hilo ndilo nililomwambia kila mtu, kwamba nafuata ufito. Kwetu ni Nyaramba, kwake ni Magwagwa, sote watu wa Nyamira, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunionyesha njia. Lakini tangu alipoondoka kulikuwa na neno moja ambalo bado nililitaka, na nikipanda kile kilima nililiwaza hilo kuliko ndoano.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha mbao anapukuchua mahindi. Macho yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Sikio la kushoto nyundo zilikuwa zimeshaliua zamani, la kulia lilisikia ukipaza sauti. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na vumbi la mahindi, alininyooshea kifundo cha mkono, nami nikakishika kumsalimia.

"Bwakire, tata," nikasema.

"Bwakire, baba," akajibu. "Karibu, baba. Wewe ni wa kanisani?"

Nikakiachia kifundo chake. Alikuwa amelisema mara mbili, bila shida, kama mtu anayekuvutia kiti. Ningeweza kumwambia mimi ni nani. Nikasema, "Ndiyo."

Binti yake mkubwa, aliyerudi nyumbani kumtunza, alileta chai na ndizi za kuchemsha kisha akarudi jikoni. Tulizungumza Kigusii. Nilimwambia nimesikia kwamba alikuwa fundi. Alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu.

"Nilikuwa," akasema. "Walinitoa kwa sababu ya wewe na wenzako, baba."

Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Kwa sababu ya wanawake," akaendelea, akitabasamu. "Kijana wa Nairobi alinisikia nikiwaita baba, akadhani nimerukwa na akili. Yaani hata leo nikikumbuka nacheka."

"Hakuna aliyemweleza?"

"Alielezwa. Kulikuwa na msichana wa kwetu pale, wa Nyaramba. Yeye alimweleza, lazima. Kijana ndiye hakutaka kusikia. Mtu wa kwetu hawezi kunyamaza kwa neno kama hilo." Akachukua gunzi jingine. "Yule msichana alikuwa na mkono kunishinda. Nilipita siku moja na nyundo kwenye ubavu aliojenga, nikatafuta kosa mpaka nikaona aibu. Sikumwambia. Ningemwita baba siku ile, angeridhika, na fundi akiridhika mkono unalala. Nikasema nitamwita siku ninaondoka. Halafu nikaondoka vibaya."

Nikakiweka kikombe chini. Akaniuliza kama nitapita Kisii. Nikasema nitapita.

"Binti yangu anapeleka majani, ananiambia malori mapya yanayachubua. Ni yule msichana anayajenga, na ndoano ameziweka karibu mno. Si kosa lake, hana kipimo." Akapangusa mikono kwenye suruali, akapeleka mkono nyuma ya kiti, akautoa ufito. "Mpelekee. Mwambie, baba, upande wenye alama saba ndio wa ndoano."

Aliupapasa mkono wangu ili auweke ufito kiganjani. Akauweka, na vidole vyake vikabaki pale. Kidole gumba kilipita juu ya kovu, kikafika kona ya kwanza, kikageuka, kikafika ya pili. Alipima kama alivyokuwa akipima kila kitu.

Mkono wake ukaondoka.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, tata."

Kuku walikuwa wameingia kwenye mahindi na hakuwafukuza.

"Ulimweleza?"

Nilikuwa nimeshadanganya mara moja uani pale, na ya pili ingekuwa nyepesi. Lakini yale macho meupe yalikuwa yamenielekea, na sikuweza.

"Sikumweleza. Aliniuliza, nikasema ndiyo."

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Nikamrudishia ufito, nikauweka kwenye paja lake. Aliushika, akaupapasa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha akaunyoosha tena kwangu bila kunigusa.

"Chukua," akasema. "Majani hayana kosa."

Nikauchukua, nikasimama. Nilitaka kuomba msamaha, nikatafuta ningeanzaje, na sauti yake ikanitangulia.

"Baba," akaita.

Nikageuka haraka, Mungu anisamehe, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitika. Lakini uso wake ulikuwa umeelekea jikoni, na binti yake alikuwa anatoka huku akipangusa mikono.

"Baba, msindikize huyu mpaka langoni," akamwambia. "Halafu ufunge."